Ukutani kwa Mhindi

Wakiniuliza mguu huu umefanya nini, nasema mpira. Hapo huridhika. Kuna wanaotikisa kichwa na kunitajia beki fulani wa zamani aliyekuwa mkali, wakisimulia kana kwamba walikuwapo, nami huwaacha waseme. Lakini hakuna beki aliyenigusa. Nilivunjika kifundo cha mguu nikiruka ukuta, mtu mzima wa miaka ishirini na mitatu, mshambulizi anayelipwa mshahara na timu yake, siku ambayo kocha wa timu ya taifa alikuwa amekuja Mombasa kunitazama mimi. Na uwanja ule ulikuwa na lango, tena liko wazi, lango pana la kupita lori. Mpaka leo nikilikumbuka lile lango nataka kumpiga mtu, na sijui nianze na nani.

Mimi ni mtoto wa Kuze, Mji wa Kale. Kwetu ndani tunazungumza Kikachi, lugha ya wazee wetu wa India, barazani Kimvita, na babu wa babu yangu amezikwa papa hapa kisiwani. India sijaiona hata kwa dirisha la ndege. Lakini uwanjani nilikuwa Mhindi, basi. Jina langu walilijua makarani wa timu tu. Nikifunga bao, jukwaa zima linaimba Mhindi, Mhindi. Nikikosa, naambiwa nirudi dukani. Duka lenyewe hatukuwa nalo! Baba alikuwa fundi wa mashini za maboti Liwatoni, na mikono yake ilinuka dizeli hata siku ya Idi. Nilikuwa nikitamani siku moja nipande kule juu jukwaani nimshike mmoja shati nimwulize, hilo duka liko mtaa gani, nami nikachukue haki yangu.

Binamu zangu walicheza kriketi, na mjomba alisema mpira wa miguu ni wa watu wenye mifupa ya kupoteza. Mimi kriketi ilinichosha. Nilicheza vichochoroni baina ya nyumba na nyumba, mahali ambapo ukipiga vibaya mpira unaingia jikoni mwa watu na unarudishiwa na matusi, na hapo ndipo nilipojifunza kugeuka na beki mgongoni. Kocha wangu wa kwanza alinipanga winga, kwa kuwa Wahindi, kwa maneno yake, ni wepesi lakini waoga wa kugongwa. Basi nikajifunza kugongwa. Nyusi hii ya kushoto imeshonwa mara mbili. Nilikuwa nikiruka kwa kichwa mahali ambapo mtu mwenye akili angeweka mguu, na msimu wa pili nikapewa namba tisa, hakuna aliyenitoa tena.

Aliwahi kuja bwana mmoja kutoka Gujarat, mgeni wa harusi ya jirani, akanitazama mechi mbili na kuniambia angeweza kunitafutia timu kule kwao. Alisema kule ningekula vizuri na kuheshimiwa. Nilimshukuru, nikamwambia kwetu ni hapa. Alinitazama kama anayemtazama mtu aliyekataa maji jangwani. Sikutaka kucheza India. Nilitaka kitu kimoja tu, nacho ni jezi ya taifa la Kenya. Sitaficha kwa nini. Niliamini nikiivaa ile jezi hakuna atakayenitajia duka tena maishani. Nilidhani ni nguo ambayo ukishaivaa, watu wote wanakubali kuwa wewe ni wao, na mjadala umefungwa. Ndivyo nilivyokuwa mjinga.

Sasa lazima nieleze habari za mzee wa kamati, maana bila yeye hadithi hii haina kichwa. Kila timu niliyoijua huku ilikuwa na mzee kama huyo. Hana cheo kwenye karatasi, hajui mbinu wala mazoezi, lakini yeye ndiye aendaye kwa mganga na kurudi na masharti, na bila idhini yake basi la timu haliondoki. Wetu alikuwa mtu mpole, mwenye kofia safi na sauti ya chini, mtu wa kukuuliza hali ya mama yako na kungoja jibu. Ningependa kusema alikuwa mwovu. Hakuwa. Aliipenda ile timu kuliko sisi tuliokuwa tukilipwa.

Baba alikuwa na neno moja tu juu ya mambo hayo, nalo ni shirki, na hakutaka kulisema mara mbili. Siku niliyosajiliwa alinikalisha akaniambia nicheze nitakavyo, nivunje vioo vya watu nitakavyo, lakini nisije nikamwekea Mungu mshirika kwa ajili ya mpira. Nilimwahidi. Na kwa miaka mitatu nilijitahidi. Maji ya kunyunyiziwa yakija, mimi niko chooni. Ndimu zikigawiwa za kuwekwa ndani ya soksi, yangu naitia mfukoni, kisha naitupa. Wenzangu waliona, hawakuwa vipofu. Tukishinda, hakuna neno. Tukifungwa, macho yote kwangu. Msimu mmoja tulipoteza fainali kwa penalti, na penalti niliyopiga mimi iliingia, wallahi iliingia, lakini walisema mlango wa timu ulikuwa wazi kwa sababu Mhindi hakunyunyiziwa. Mechi tatu baada ya hapo hawakunipasia mpira. Nilikimbia dakika tisini nikipunga mkono peke yangu kama mtu anayeita teksi.

Mtu mmoja tu aliendelea kunipasia mazoezini. Alikuwa mshambulizi wa akiba, Mrabai, Mkristo, akikaa Likoni na kuvuka Feri kila siku kuja kufanya mazoezi. Mimi nikicheza, yeye hukaa benchi. Nikiumwa, yeye huingia. Watu wa namna hiyo kwa kawaida hawapendani, lakini sisi tulipendana. Jioni nilimsindikiza hadi Feri, tukala viazi vya karai vyenye ukwaju tukiwa tumesimama, kisha akaingia ndani ya feri na umati. Aliniambia mara nyingi kwamba nikipata jezi ya taifa nitakuwa nimemfungulia yeye njia ya namba tisa, na tulicheka sana juu ya hilo.

Habari ya kocha wa taifa ilikuja siku ya Jumatatu. Angekuja Jumamosi. Viongozi wa timu walinieleza waziwazi kwamba anamtafuta mshambulizi, amesikia habari zangu, na ataamua kwa macho yake. Sikulala vizuri wiki nzima. Nilimwambia baba nikitarajia atasema sawa na kuendelea na kazi, maana hakuwahi kuja kunitazama hata siku moja. Jumamosi ni siku ambayo wavuvi huleta mashini zao. Akaifuta mikono kwa kitambaa, akaniuliza watu huingilia wapi na jua hupiga upande gani. Nikamweleza. Akaniambia, "N'takaa mbele kabisa. Ukitoka tu n'takuona."

Nilikwenda chooni nikalia, na sina aibu kulisema.

Siku yenyewe tuliondoka mchana baada ya sala ya adhuhuri. Basi la timu lilipofika langoni halikupunguza hata mwendo. Niliona lango likipita dirishani, bawabu amekaa kitini, watu wameanza kuingia na vitambaa vya timu shingoni. Tukazunguka uwanja mpaka nyuma, penye taka na magugu, basi likajibanza ubavuni mwa ukuta na kuzima. Mzee wa kamati akasimama mbele akatoa masharti. Wapinzani wamefukia kitu langoni. Kwa hiyo tutapanda juu ya basi, tutaingia kwa ukuta, na kila mtu ataruka kinyumenyume, mgongo wake ukielekea uwanja. Ukishatua ndani, unageuka na kwenda moja kwa moja. Hakuna kusema neno wala kutazama nyuma mpaka unyayo uguse nyasi za uwanja. Atakayesema au kutazama nyuma atakuwa amewaharibia wote.

Kocha wetu, mtu mwenye vyeti viwili vya ualimu wa mpira, alijifanya anasoma karatasi.

Choo hakuna katika basi. Nilibaki nimekaa kitini mwangu wakati wengine wanapanda, nikiomba labda watanisahau. Mzee wa kamati akaja mpaka nilipokaa, akainama kidogo, kwa heshima kabisa, akaniambia, "Leo na weye, mwanangu." Hakusema Mhindi. Miaka mitatu hakuwahi kuniita mwanangu. Nyuma yake wenzangu wawili walisimama mlangoni mwa basi wananitazama, na niliyasoma macho yao: leo tukifungwa, tutajua ni kwa nini. Nikafikiria mechi nzima mbele ya kocha wa taifa bila kupasiwa mpira hata mara moja. Nikafikiria baba aliyefunga kazi. Nikajiambia leo si siku ya kubishana, Mungu ni mwingi wa kusamehe, ni ukuta tu. Nikapanda.

Mrabai alikuwa mbele yangu. Aliruka akatua salama, nikamsikia akikung'uta mikono. Mimi nilikuwa wa mwisho. Nikageuka, mgongo uwanjani, nikaona basi, magugu, na paa za mabati za upande ule, nikaruka. Chini ya ukuta palikuwa na mfereji wa saruji wa maji ya mvua, ukingo wake umevunjika. Ungekuwa unaruka ukiangalia mbele, hata mtoto angeuona. Mguu wa kulia uliingia nusu ndani nusu nje, na mwili wote ukaufuata.

Mfupa ulitoa sauti. Niliisikia kabla sijahisi maumivu.

Na sasa nifike kwenye lile linalonichoma. Sikupiga kelele. Wenzangu walikuwa hatua sita, saba mbele yangu, wamenyamaza kimya, migongo yao yote naiona, na mimi nilitia kitambaa cha mkono wa shati mdomoni nikauma. Niliogopa wangegeuka. Niliogopa mmoja angesema neno kwa sababu yangu, masharti yaharibike, na watu waseme ni Mhindi tena. Mfupa wangu umetoka mahali pake na mimi nalinda uganga ambao siuamini! Waliendelea kwenda. Mrabai, aliyekuwa wa mwisho kwenye ule mstari, alisita nusu hatua. Kisha akaenda na wenzake.

Nilijaribu kusimama. Nilijidanganya kwamba ni kuteguka, nikifika kwenye nyasi nitafungwa bandeji nicheze. Nilikanyaga mara mbili, labda tatu, kisha nikaanguka ndani ya mfereji na kubaki humo. Hakuna aliyerudi, maana kurudi ukutani kungeharibu masharti. Nilisikia filimbi. Nilisikia kelele za bao, kisha za jingine. Aliyenipata ni mkata nyasi wa uwanja, Mgiriama mmoja aliyekuja nyuma kujisaidia, na aliponiona alidhani ni mlevi. Alipouona mguu akashika kichwa. Alinibeba mgongoni mpaka barabarani, mtu mfupi kuliko mimi, na njia nzima aliniuliza jambo lilelile.

"Mbona hukupiga kelele weye? Mimi niko hapa hapa toka asubuhi. Mbona hukuita mtu?"

Nilimwambia anipeleke hospitali.

Huku mbele baba alikuwa amekaa safu ya kwanza kwa shati lake la Ijumaa. Timu ikatoka, akahesabu kumi na mmoja, mimi simo. Akangoja, akidhani nitaingia baadaye. Kocha wa taifa alikuwa amekaa si mbali naye, ameshika kalamu. Baba aliamini jambo ambalo mzazi yeyote wa Kihindi angeliamini siku ile, kwamba wamemweka mwanawe nje kwa ajili ya rangi yake. Katika mapumziko akateremka mpaka kwenye benchi, yeye ambaye hakuwahi kupandisha sauti hata kwa mteja mwizi, akamtukana kocha wetu mbele ya umma wote. Walimtoa uwanjani askari wawili, wamemshika mikono. Hakuna aliyemwambia niko wapi, kwa sababu hakuna aliyetaka kusema.

Hospitali daktari alinyoosha picha kwenye mwanga, akaniuliza kama niliukanyagia baada ya kuvunjika. Nikasema ndiyo. Akauliza mara ngapi, akaandika. Aliniambia kwa utaratibu kwamba nitatembea, na kwamba nisimuulize swali jingine mpaka nipone. Wewe ukiwa mchezaji unajua maana ya maneno hayo. Baba alipoingia macho yamemvimba, nikamwambia niliteleza kwenye maji katika chumba cha kubadilishia nguo. Alinishika kichwa akasema ni majaliwa. Nilimdanganya baba yangu kwa sababu ile ahadi ilikuwa moja tu, na nilikuwa nimeivunja kabla ya mguu.

Tulishinda siku ile. Mrabai alifunga mabao mawili kwa namba yangu, na Jumanne akaitwa timu ya taifa. Alikuja kuniona kabla ya kupanda gari la Nairobi. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, amebeba machungwa, hayabandui macho sakafuni.

"Niliusikia," akaniambia. "Niliusikia mfupa. Sikugeuka."

Nilimwambia aondoke na machungwa yake. Aliyaacha. Niliyatupa moja moja kwenye ndoo, na mgonjwa wa kitanda cha pili akaniomba angalau nimpe yeye mawili. Miezi miwili baadaye nilimwona kwenye televisheni ya hoteli amevaa ile jezi, anaimba wimbo wa taifa, mkono kifuani. Hakufanya makosa yoyote kwa kuitwa. Najua. Nilimchukia vilevile.

Miezi ile baba alimsimulia kila mtu Kuze habari za chumba chenye maji. Aliwalaumu wasafishaji. Alisema sakafu kama ile haifai kwa wanamichezo, na watu wakimsikiliza, wakimpa pole, wakitazamana. Kuze nzima ilikuwa inajua. Watoto wa madrasa walijua. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa hajui, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia, mpaka mzee mmoja msikitini alipochoka kumsikia akamvuta kando. Baba akarudi nyumbani, akanikuta nimelala, gongo ubavuni. Hakuuliza kama ni kweli.

"Ungeniambia mwenyewe ningekasirika siku tatu, mambo yakesha," alisema. "Sasa nimekuwa mtu wa kuchekwa, na sikujua."

Hakulitaja tena mpaka anakufa. Nilipoweza kutembea alinichukua Liwatoni akanifundisha mashini, kwa upole, kama anavyofundishwa mtu ambaye hana pengine pa kwenda. Afadhali angenipiga. Alifariki miaka minne baadaye, na siku ya mazishi alikuja mzee wa kamati na kofia yake safi, akanipa mkono, akaniuliza hali ya mama na kungoja jibu.

Timu ilichukua ubingwa msimu ule niliovunjika. Na hapa ndipo mambo yanapokuwa machungu mpaka yanachekesha. Mzee wa kamati alitangaza kwamba mganga alikuwa amesema tangu mwanzo damu ya mmoja itahitajika, ila yeye hakupenda kuwatisha vijana. Basi mguu wangu ukawa kafara. Msimu uliofuata waliruka pale pale, na uliofuata pia, kila mechi ya nyumbani, na mahali penyewe pakaitwa Kwa Mhindi. Mfereji waliufunika kwa mbao, maana wao si wajinga. Vijana walioingia timu baadaye walikuwa wakigusa saruji kwa mkono kabla ya kwenda uwanjani. Wengine walidhani zamani palikuwa na duka pale. Nililisikia hilo kwa mteja wangu mmoja Liwatoni, akilisimulia kama kichekesho, hajui anayemtengenezea mashini ni nani. Nilimtoza bei ileile. Nilitaka kumwongezea.

Nilikaa miaka kumi na tatu bila kukanyaga uwanja wowote. Siku za mechi, ile kelele ilifika mpaka kwetu upepo ukiwa mzuri, na mke wangu alijua asinisemeshe. Watu huniuliza kwa nini huendi, si ulikuwa mchezaji wewe. Naam, nilikuwa. Mguu ukipata baridi ya asubuhi unanikumbusha kabla ya mtu yeyote.

Mzee wa kamati naye akafa. Uwanja ukaanza kutengenezwa upya, ukuta wa nyuma ukabomolewa ukawekwa mwingine mrefu wenye nyaya juu, na timu ikaanza kufungwa. Ilifungwa ndani na nje. Mwaka huu iko karibu na kushuka daraja, na kocha wake ni Mrabai, aliyecheza mpira wake ukaisha salama, akasomea ukocha, akarudi nyumbani. Alikuja Liwatoni wiki tatu zilizopita, mchana, jua kali, nimeinamia mashini ya boti. Nilimjua kwa viatu kabla sijainua kichwa, maana yeye hukanyagia upande wa nje tangu zamani. Amenenepa. Sikumkaribisha kiti.

Alizunguka sana. Aliniuliza kazi, watoto, akanipa pole ya marehemu baba yangu baada ya miaka yote hiyo. Mwisho akalitoa. Vijana wake wamevunjika moyo. Wanasema ukuta umebomolewa na bahati imeondoka nao. Yeye mwenyewe haamini, alisema, kanisani kwake anakatazwa, lakini mchezaji akishaamini amefungwa, amefungwa. Wamekaa wenyewe wakajadiliana, wakamtuma.

"Sikuombi ufanye kitu," alisema. "Uje tu ukae nao chumbani kabla ya mechi. Wauone. Wauguse kama watataka."

Alikuwa anauzungumzia mguu wangu. Nilimwuliza kama ana haya. Nilimwambia maneno ambayo nilikuwa nimeyaweka miaka kumi na tatu, yote, kwa Kiswahili na kwa Kikachi, na mafundi wa boti za jirani waliacha kazi wakasikiliza. Nilimwambia kuhusu ile nusu hatua. Alisimama juani jasho linamtiririka mpaka nilipomaliza, akasema mechi ni Jumamosi saa tisa, akaenda zake.

Ningependa kuandika hapa kwamba sikwenda. Nilikuwa na kila sababu. Nina dini yangu, nina kaburi la baba yangu, nina akili timamu. Ijumaa usiku nilimwambia mke wangu kwamba hawa watu wamekosa adabu, akakubali, nikarudia, akakubali tena. Jumamosi nilioga, nikavaa, nikasema nakwenda kutazama mashini ya mtu. Nilimdanganya kama nilivyomdanganya baba.

Niliingia kwa lango. Bawabu alikuwa ameambiwa, akasimama. Chumbani walikuwa vijana ishirini, hakuna hata mmoja aliyewahi kuniona nikicheza, wengine walikuwa hawajaanza hata shule. Wote wakainuka. Hakuna aliyeniita Mhindi. Waliniita mzee, na mmoja akaniita baba. Nilikaa kwenye benchi la mbao, nikakunja suruali. Walipita mmoja mmoja, wakainama, wakagusa kile kifundo kilichopinda kwa vidole viwili, polepole, kama mtu anayeogopa kuumiza. Kipa alifunga macho. Mrabai alisimama mlangoni ametugeuzia mgongo. Nilijua sawasawa ninachokifanya, na jina lake ni shirki. Nilijua baba angeniambia nini. Na nilifurahi. Mungu anisamehe, sijawahi kufurahi vile tangu siku ile niliyokuwa juu ya ukuta, na hilo ndilo siwezi kujisamehe mimi mwenyewe.

Walishinda, bao moja kwa bila, bao baya la kona. Walirudi chumbani wanaruka, wananikumbatia na jasho lao, wananimwagia maji. Nilikuwa nimekaa palepale, suruali bado imekunjwa. Mrabai akanikaribia, akachuchumaa mbele yangu ili asiniangalie kwa juu, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba wiki ijayo wanacheza nyumbani tena.

Nikamwuliza nifike saa ngapi.